Anayekataa Anapoteza Nini?
Juu ya wahubiri wa dini katika nchi yetu ya Nyangwe, Kasongo na Kabambare



Kila mara tunapokutana kuzungumza juu ya desturi zetu, kuna swali moja linalorudi: wamisioneri walifanya vema ao vibaya kuja kuwageuza wazee wetu? Mmoja anasema: «Bila wao hatungejua hata kuandika jina letu.» Mwingine anajibu: «Walituibia mababu zetu.» Sauti zinapanda, kila mtu anarudi kwake na neno lake, na mkutano unaofuata tunaanza upya palepale.

Sisi tunaofundisha historia katika sekondari tunaona kwamba swali limewekwa vibaya, ndiyo maana halipati jibu. Halipimi tendo, linapima kabila la mtendaji: mzungu ao mweusi, mkatoliki ao mwislamu. Kila mmoja anatetea upande wake. Tunapenda kuweka swali lingine, ambalo mtu wa dini yoyote anaweza kulitumia hata juu ya dini yake mwenyewe. Swali ni hili: yule aliyehubiriwa, kama alisema hapana, alipoteza nini?

Kama hakupoteza kitu, basi aliyesema ndiyo alisema kwa moyo. Kama alipoteza chakula, ao shule ya mtoto, ao usalama wake, basi hatuwezi kujua kama ndiyo yake ilikuwa imani ao ilikuwa njaa. Wazee walisema mkono mtupu haurambwi. Mhubiri mwenye mkono uliojaa ajiulize kila siku wanaramba nini.

1. Kipimo chetu kinatoka sokoni

Hatukuokota kipimo hiki mbali. Nyangwe, mbele ya kuwa jina katika vitabu vya Wazungu, ilikuwa soko. Kando ya Lualaba, Wagenya walileta samaki kwa mitumbwi, na watu wa bara walileta mafuta ya mawese, muhogo, kuku, vyungu na chumvi. Waliouza na kununua walikuwa hasa wamama. Watu wa makabila yasiyopatana walikutana pale, kwa sababu siku ya soko ilikuwa siku ya amani.

Sheria ya soko kila mtu anaijua. Unaruhusiwa kuita, kusifu bidhaa yako, hata kumshika mtu mkono na kumwambia: «Mama, onja kwanza.» Lakini mama asiponunua, anabeba kitunga chake na kurudi kwake, wala hakuna anayemfuata njiani. Kuita si kosa. Kosa linaanza pale asiyenunua anapozuiwa kutoka.

Basi hatusemi kwamba mtu asihubiri. Anayeamini kwamba ameona kweli, kumfunga mdomo ni kumwonea naye pia. Wala hatusemi kwamba mtu wa kabila fulani lazima abaki na dini ya babu yake mpaka kufa, kama kitu kilichowekwa katika nyumba ya makumbusho. Babu zetu wenyewe walibadilisha dawa, mizimu na vyama walipoona vingine vyenye faida. Tunachouliza ni kama mlango wa kutokea uko wazi.

2. Livingstone: mjeledi uliokataliwa, na mtumbwi uliokataliwa

Mmisioneri wa kwanza kukaa Nyangwe ni David Livingstone. Alifika mwishoni mwa Machi 1871, akaondoka Julai ya mwaka uleule. Mbele ya kufika kwetu alikuwa amefanya kazi kusini, katika nchi inayoitwa leo Botswana, na kule alipata mwongofu mmoja anayejulikana: Sechele, mfalme wa Bakwena, aliyebatizwa mwaka 1848.

Habari ya Sechele inafaa kufundishwa darasani. Alipoona kwamba mmisioneri anahubiri na watu hawageuki, mfalme huyo alimshauri: unadhani watu hawa wataamini kwa kuambiwa tu? Tuwaite wakubwa wangu, tutumie mijeledi ya ngozi ya kifaru, wataamini wote mara moja. Livingstone alikataa. Hapo tumsifu, kwa maana alijua kwamba imani ya mjeledi ni ya mjeledi, si ya Mungu.

Lakini habari inaendelea. Ili abatizwe, Sechele alitakiwa kubaki na mke mmoja kati ya watano. Wanne wakarudishwa kwao. Livingstone mwenyewe aliandika kwa huzuni kwamba wamama wale walikuwa kati ya wanafunzi wake wazuri. Sasa tuulize: nani alilipa bei ya ubatizo ule? Si mfalme tu. Wamama wanne ambao hakuna aliyewauliza kitu walipoteza nyumba yao, na hawakuwa wamekataa lolote. Jambo hili linarudi katika nchi nyingi: mwanaume mmoja anaongoka, na wengine ndio wanaotoka mlangoni na mizigo kichwani. Baadaye mmoja wa wake wale alipata mimba ya Sechele, naye Livingstone akamzuia mfalme asikaribie meza ya Bwana. Cha kushangaza, Livingstone alipokwisha kuondoka, Sechele aliendelea kuhubiri miaka mingi, bila mzungu wa kumsimamia. Kumbe imani yake ilikuwa yake kweli. Tukumbuke hilo, tutalirudilia.

Huku Nyangwe, Livingstone hakugeuza watu. Alitaka mtumbwi wa kuvuka Lualaba, na wenyeji walimkatalia. Alikuwa hana bunduki nyingi wala mali nyingi, tena alikaa pamoja na wafanya biashara wa watumwa, akipata chakula na ulinzi kwao. Wenyeji waliona mgeni anayekula na watu wale, wakamhesabia kuwa ni mmoja wao. Sisi hatuwezi kuwalaumu. Mtu anapimwa kwa sahani anayokulia, na mhubiri pia.

Tarehe 15 Julai 1871, watu wa Dugumbe walifyatua bunduki katikati ya soko, baada ya ugomvi juu ya bei ya kuku. Watu walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikazama, wengi wao wamama wakafa majini. Waliofanya tendo hilo wenyewe walihesabu wafu kati ya 330 na 400. Livingstone aliona kwa macho yake, akaandika. Barua zake zilifika Uingereza mwaka 1872 kwa mkono wa Stanley, na zilisaidia kuwasukuma Waingereza wambane Sultani wa Zanzibar, aliyefunga soko la watumwa mwaka 1873. Hili ni jema, tena kubwa. Lakini damu ya soko letu ilifanya na kazi nyingine: ilikuwa sababu nzuri ya wale waliokuja baadaye na bunduki zao wenyewe, wakisema wanakuja kutuokoa. Tarehe 4 Machi 1893 jeshi la Dhanis liliingia Nyangwe, na Aprili likaingia Kasongo. Msalaba ulikuja nyuma ya jeshi hilo.

3. Waungwana: kanzu na jina

Mbele ya kuwahukumu mapadri, tuweke mizani ileile juu ya waliowatangulia, maana wasomaji wetu wengi ni watoto wa waungwana, na si vizuri kupima nyumba ya jirani tu.

Watu wa pwani waliofika Nyangwe mwishoni mwa miaka ya 1860 hawakuleta wahubiri. Walileta biashara ya pembe za ndovu na ya watu. Uislamu ulikuja nao kama nguo inavyokuja na mwenye kuivaa. Aliyetahiriwa, akapewa jina, akavaa kanzu na kusema Kiswahili, aliitwa mwungwana. Aliyebaki na desturi za kijiji aliitwa mshenzi. Maneno mawili haya yalikuwa na uzito: mshenzi angeweza kukamatwa na kuuzwa, mwungwana alikuwa na bwana wa kumtetea. Je, kijana aliyekatwa kutoka kwao, akafugwa katika kambi ya Tippu Tip hapa Kasongo, alikuwa na uhuru gani wa kusema hapana? Hakuwa nao. Hakuna aliyemlazimisha kwa neno, lakini mlango ulikuwa umefungwa.

Hata hivyo, tazameni yaliyofuata. Baada ya 1893 waungwana walipoteza bunduki, mali na utawala, na Wabelgiji waliwatazama kwa jicho baya. Mtu angedhani Uislamu utakufa. Haukufa. Katika miaka ya 1920 na 1930, tarika ya Kadiriya ilivuka kutoka upande wa Ziwa Tanganyika, ikaenea Maniema chini ya macho ya askari wa Leta, pasipo pesa wala cheo cha kumpa mtu. Aliyeingia alijipatia mashaka. Aliyekataa hakupoteza kitu. Basi sisi tunathubutu kusema kwamba Uislamu wa Kasongo ulianza kuwa imani ya uhuru siku ile uliponyang'anywa nguvu.

4. Mapadri: sheria nzuri na watoto wasio na kwao

Mapadri Weupe walianzishwa na Kardinali Lavigerie kule Alger mwaka 1868. Kwa upande wa Ziwa Tanganyika walijenga Kibanga mwaka 1883, wakapokea Mpala mwaka 1885, na mwanzoni mwa karne ya 20, chini ya Monseigneur Roelens, walifika Kasongo.

Lavigerie aliwapa sheria ambazo wengi wetu hatuzijui. Waseme lugha ya wenyeji, wale chakula cha wenyeji, wavae kama watu wa nchi. Tena wasiharakishe ubatizo: anayetaka dini akae miaka minne akifundishwa na kuangaliwa. Sisi tunaona ndani ya miaka minne ile heshima kubwa. Mtu ana muda wa kufikiri, wa kurudi nyuma, wa kusema: hapana, haya si yangu. Ni mlango wa kutokea uliojengwa makusudi. Wahubiri wa siku hizi wanaobatiza watu mia katika kampeni ya siku tatu wangefaa kujifunza hapo.

Lakini wanafunzi wa kwanza wa misioni hawakuwa watu wazima waliotoka vijijini kwa hiari. Wengi walikuwa watoto waliokombolewa utumwani, yaani walionunuliwa kwa vitambaa. Nia ilikuwa njema, nasi hatuichezei: mtoto aliyenunuliwa na padri alipona na njia ya pwani. Ila tuulize swali letu. Mtoto yule wa miaka minane, kama asingependa dini, angeenda wapi? Kwao kulichomwa moto. Nje ya boma la misioni kulikuwa na waliomwuza. Alikula mkate wa misioni, aliolewa ao alioa ndani ya kijiji cha misioni, alilima shamba la misioni. Kwake miaka minne ya kungoja haikuwa muda wa kuchagua.

Leta ya Léopold II iliigeuza hali hiyo kuwa sheria. Dekreti ya tarehe 12 Julai 1890 iliwaweka watoto waliokombolewa ao walioachwa chini ya ulezi wa Leta, na ile ya tarehe 4 Machi 1892 iliruhusu vyama vya dini kupewa ulezi huo. Neno «yatima» likawa pana kama bahari. Huku kwetu mtoto mwenye mjomba, shangazi na ukoo si yatima, hata kama baba na mama wamekufa. Kwa karatasi ya Leta alikuwa yatima. Tume ya Uchunguzi iliyozunguka Kongo mwaka 1904 na 1905 ilikemea jambo hili upande wa Kwango, ambako Wajezwiti walikuwa na mashamba yenye kanisa: ilionekana kwamba wengi wa watoto wale hawakuwa yatima, wala hawakuwa huru kuondoka. Kwango ni mbali na Maniema, lakini sheria ilikuwa moja. Na waliosema haya hawakuwa adui wa kanisa, walikuwa waamuzi waliotumwa na mfalme mwenyewe.

5. Mkate, daftari na Leta

Tarehe 26 Mei 1906 Leta ya Kongo na Vatikani zilitia sahihi mapatano. Kila misioni ingepewa bure ardhi ya hektari 100 mpaka 200, nayo ingefungua shule ambayo programu yake inakubaliwa na Gavana. Ardhi ile ilikuwa ya nani mbele ya kutolewa? Mapatano hayakuuliza. Kuanzia miaka ya 1920 Serikali ya kikoloni ililipa pesa kwa shule za misioni za kikatoliki za Kibelgiji. Waprotestanti walingoja mpaka 1948. Waislamu hawakupata kitu. Shule za Leta zisizo za dini, za kupokea watoto weusi wa kila imani, zilianza kwa nguvu tu mwaka 1954, wakati wa waziri Buisseret.

Wasomaji wa Kasongo wanajua maana yake nyumbani. Baba mwislamu alikuwa na njia mbili: kumpeleka mtoto kwa mapadri na kuogopa kwamba atarudi na jina lingine, ao kumweka nyumbani na kujua kwamba hatakuwa karani, wala muuguzi, wala mwalimu. Wengi walichagua njia ya pili. Ndiyo sababu moja kubwa iliyofanya mji uliojua kusoma herufi za Kiarabu mbele ya Wabelgiji kufika uone watoto wake wakiachwa nyuma katika biro za Leta. Hapa kipimo chetu kinajibu waziwazi: anayekataa alipoteza maisha ya kesho ya mtoto wake.

Leta haikulipa tu, ilikataza pia. Simon Kimbangu, mwanakongo aliyehubiri Yesu bila ruhusa ya mtu, alihukumiwa kufa mwaka 1921, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akafa gerezani Élisabethville mwaka 1951. Wafuasi wake walipelekwa uhamishoni sehemu nyingi, hata Lowa, kwenye Lualaba yetu hii. Mwaka 1948 chama cha bwami cha Walega, jirani zetu wa Pangi na Shabunda, kilipigwa marufuku, na hirizi, vinyago na pembe za wakubwa zikaenda Ulaya. Dekreti ya tarehe 4 Aprili 1950 ilikataza ndoa mpya za wake wengi. Kila moja ya sheria hizi ilikuwa na maelezo yake. Zote pamoja zilimwambia mtu wa kijiji: dini moja ina askari nyuma yake.

Tunajua jibu watakalotupa wengine: «Lakini hospitali? Lakini shule? Lakini Abbé Stefano Kaoze, mtu wa Tanganyika, padri wa kwanza mwanakongo mwaka 1917?» Tunakubali yote. Sisi wenyewe kalamu tunayoshika imetoka huko. Ila shukrani haifuti swali. Mtu aliyekupa dawa amekufanyia wema. Akikupa dawa kwa sharti la jina lako, amekuuzia. Na waliokuwa wakarimu kweli, walioponya kila mtu bila kuuliza sala yake, hao hawaogopi swali letu hata kidogo.

Kisha kuna jambo la kuchekesha kidogo. Mapadri walipotafuta lugha ya kuhubiri huku mashariki, walichukua Kiswahili cha waungwana. Dini, sala, imani, dhambi, sadaka, malaika, shetani: maneno yote haya yametoka kwa Waarabu na kupita midomo ya Waislamu. Katekisimu iliyokuja kuwashinda waungwana ilisema kwa ulimi wao.

6. Hata desturi zetu

Kitabu hiki ni cha desturi, na msomaji anaweza kudhani kwamba tutamaliza kwa kusema: basi turudi kwa mababu, kwao kulikuwa na uhuru. Hapana. Kijana aliyekataa jando alipoteza nini? Alipoteza mke, nafasi ya kusema barazani, na kila ugomvi ulipotokea alitukanwa kuwa ni mtoto. Mjane aliyekataa kurithiwa alipoteza shamba. Mzee aliyesemwa kuwa mchawi hakuulizwa anaamini nini, alinyweshwa dawa ya mwavi. Mababu walikuwa na hekima kubwa ya kuishi na mgeni wa dini nyingine. Hawakutuma mtu kwenda kugeuza kabila jirani, na hilo tunajivunia. Lakini kwa mtoto wa ndani, mlango wa kutokea ulikuwa mwembamba sana. Ndiyo maana vijana na watumwa, waliokuwa wadogo kabisa katika kijiji, mara nyingi walikuwa wa kwanza kukimbilia misioni ao msikiti. Aliyegeuka si lazima awe amedanganywa. Pengine alikuwa anatafuta hewa.

7. Leo, huku kwetu

Mambo haya si ya zamani tu. Mwaka 1965 mtaguso wa Vatikano wa pili ulitangaza uhuru wa dini, na ukakataza kumlazimisha ao kumvuta mtu katika imani kwa njia zisizofaa. Mwaka 2011 Baraza la Makanisa Ulimwenguni, Vatikani na Muungano wa Waevanjeliste Ulimwenguni walitoa pamoja maagizo juu ya kushuhudia imani bila kutumia umaskini wa watu. Waislamu nao wana katika Kurani neno linalojulikana la kukataza kulazimishana. Katiba yetu ya mwaka 2006 inampa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini. Kwa karatasi, wote tunakubaliana.

Na mitaani? Vita imewatoa watu wa Kabambare vijijini mara nyingi, wanafika mjini na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Yeyote anayegawa unga na kuweka mahubiri mbele ya unga, awe wa kanisa ao wa msikiti, anafanya jambo lilelile la boma la misioni. Hata asiposema sharti, mwenye njaa analisikia. Agawe kwanza, watu wale, waende. Siku nyingine aite sala, na atakayekuja atakuja kwa miguu yake.

Na shule zetu? Tangu mapatano ya 1977 Leta inalipa walimu wa shule zinazosimamiwa na wakatoliki, waprotestanti, na wakimbangu, na baadaye waislamu waliingia. Pesa ni ya raia wote. Basi mtoto mwislamu katika shule ya kikatoliki, na mtoto mkristo katika shule ya kiislamu, wasipoteze pointi, wala nafasi, wala heshima kwa sababu ya sala zao. Elimu ya msingi ni bure tangu 2019. Ubure huo usilipwe kwa dhamiri ya mtoto.

Tunamaliza na wale walio wadogo kuliko sisi wote kwa nguvu, yaani Batwa, wanaoitwa Bambote upande wa Tanganyika. Mwaka 2018 dunia ilisikia habari ya kijana mmarekani, John Chau, aliyekwenda kuhubiri katika kisiwa cha Sentinel Kaskazini, huko India, ambako watu hawataki mgeni. Walimpiga mshale, akarudi, wakamwua. Wengine walimwita shahidi, wengine walimwita mjinga. Sisi tunaona tu kwamba watu wale walikuwa wamekwisha kusema hapana, na hapana yao ilikuwa na mshale. Tena serikali ya India inakataza kuwafikia, kwa sababu homa ndogo ya mgeni inaweza kuwamaliza wote. Batwa wetu hawana kisiwa. Msitu wao unapungua, wanalima mashamba ya wengine, na mwenye shamba, mwenye dawa na mwenye Biblia mara nyingi ni mtu mmoja, mweusi kama sisi. Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki na desturi za watu hawa. Lakini sheria haifiki msituni peke yake. Wahubiri tuliokuwa tunahubiriwa zamani, leo ni sisi tunaokwenda kwao, na tunasema maneno yaleyale tuliyoambiwa: hawajui Mungu, ni washenzi. Tumelisahau upesi neno hilo lilivyotuuma.

8. Mkate ukiondoka

Tulisema tutarudilia habari ya Sechele. Livingstone aliondoka, yeye akabaki anahubiri. Bunduki za waungwana zilivunjwa, Uislamu ukabaki. Kimbangu alifungwa miaka thelathini, kanisa lake likabaki. Na wakati wa uasi wa 1964 wamisioneri wengi wa mashariki waliuawa ao walikimbia. Misioni zilibaki bila padri wala unga wala dawa, lakini katekista walipiga kengele Jumapili, na watu wakaja. Siku hizo ndizo zinazoonyesha ni nani aliyeamini na ni nani aliyekuwa anaramba mkono.

Kwa hiyo tunawaomba wahubiri wote, wa kila upande, wasingoje vita iwafanyie mtihani huo. Waujaribu wenyewe: watenge mkate na neno. Wasimbatize wala kumsilimisha mtoto bila ruhusa ya wazazi ao ya ukoo. Wajifunze lugha na mambo ya watu mbele ya kuyaita ya shetani. Na yule anayesema hapana wamsalimie kesho yake vilevile walivyomsalimia jana, wamuuguze akiugua, wamzike akifa.

Mama wa soko la Nyangwe alijua hilo bila kuambiwa. Aliita, alisifu samaki wake, na mteja aliyepita bila kununua alimwambia: «Basi, mama, siku nyingine.» Tukiweza kusema hivyo katika mambo ya Mungu, ndipo tutakapojua nani ameamini.